Mti wa Mama Riziki katika Bustani ya Wote

Vijana wa ofisi, mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau hata moja. Nimekabidhi funguo za stoo, majembe sita, brueti moja, lile toroli lenye gurudumu linalolia, na daftari la mbegu. Mlinipigia makofi, mkanilisha wali na nyama, na ninawashukuru kwa moyo. Ila nadhani mlitegemea mama mstaafu atawaandikia maneno matamu. Ya kuotesha mbegu nitawaeleza. Matamu sina, maana ninaandika nikiwa na hasira, na mtakaosoma hadi mwisho mtajua ninachotaka kutoka kwenu.

Jina la kituo chetu silitaji, ingawa nyote mnalijua. Mkubwa mmoja ninayemsema humu bado ana kiti na muhuri, na mimi sina hata kimoja.

Nilianza kazi Walikale, ambako ni kwetu. Nilikuwa nimemaliza shule ya kilimo, nimevaa buti za mpira za saizi ya mwanaume kwa sababu stoo haikuwa na za mwanamke, na nilijiona mtu mkubwa. Siku ya kwanza nilipewa mchoro wa bustani ya kupandwa mbele ya ofisi. Aliyeuchora hakuwahi kufika Walikale hata kwa bahati mbaya. Mchoro ulitaka kaliptusi, sipresi, majani ya kigeni ya kukanyagwa, na maua ya kwenye kalenda. Tulingoja lori siku tisa kwa sababu ya barabara. Lilipofika tulianza kushusha miche ya kaliptusi, mmoja mmoja, kwa uangalifu kama mayai.

Nataka mwelewe nilichokuwa nafanya. Nyuma ya ofisi ile ukitembea kidogo tu unaingia msituni, na msitu wenyewe hujui unaishia wapi. Mwindaji mmoja alikuwa anapita na mbwa wake, akasimama, akatutazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, munaleta muti kwenye muti?"

Nilijifanya nahesabu miche. Kumbe hata hilo halikuwa kosa letu kubwa. Mahali pale palikuwa na miti mitatu ya zamani, mikubwa, yenye kivuli kizito, na wachukuzi waliotoka mgodi wa Bisie na mizigo ya kasiterite, mawe ya bati, wakati ule bado yanatoka kwa migongo ya watu, walikuwa wanatua chini yake. Mchoro ulisema iondolewe ili kaliptusi zipate nafasi. Tukakata miwili. Wa tatu ulipona kwa sababu msumeno ulivunjika na hakukuwa na mwingine. Miezi michache baadaye wachukuzi wote walikuwa wanabanana chini ya mti mmoja huo, wanatutazama tukimwagilia vijiti vyetu. Mpaka leo nikikumbuka macho yao nasikia aibu. Kwa hiyo la kwanza la kuandika kwenye madaftari yenu: kabla hamjapanda chochote, tazameni watu wanapumzika wapi, na msiwaondolee.

Nilipohamishiwa Masisi nilikuja na akili mpya na ujinga mpya. Nilikuwa nimeapa kwamba sitapanda tena mti wa kigeni. Basi nikapakia miche ya msitu wa kwetu, masanduku manne, nikapanda nayo kwenye lori hadi huku juu kwenye vilima vya ng'ombe na jibini. Niliiweka kwenye kitalu nikiwa na furaha. Wiki ya tatu majani yalikuwa meusi yote.

Aliyenikuta nimeinama juu ya miche ile alikuwa Papa Bauma. Alikuwa amefanya kazi ya bustani ya misheni tangu ujana wake, halafu ofisi ikamchukua bila kumwandika vizuri, kama ilivyozoea. Alikuwa na panga lililonolewa hadi limebaki jembamba, na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi. Aliniambia bila kucheka kwamba miti yangu inasikia baridi. Nikamweleza kwamba ni miti ya asili, ya Kongo, ya mkoa wetu huu huu. Akasema, "Mama Agronomu, hata miye niko wa Kongo. Nipeleke Kinshasa uone kama nitalala bila kutoka jasho."

Yeye ndiye shule yangu ya pili, na cheti sikupewa. Alinifundisha kuokota mbegu za mti wa musave wakati ganda linaanza kupasuka lenyewe, si kabla, na kuzitawanya juu ya kitalu bila kuzifukia, kwa sababu zina mabawa na hazipendi kuzikwa. Alinifundisha kwamba muko, ule mti wa maua mekundu yanayotoka kabla ya majani, huna haja ya mbegu zake: unakata fimbo nene, unaiacha ilale kivulini siku mbili tatu jeraha likauke, ndipo unaichomeka. Mti wa muvumu vilevile. Samadi ya ng'ombe lazima iwe imeoza mpaka haina harufu, na Masisi samadi si ya kutafuta, unaikanyaga. Shimo liwe na kina cha mikono miwili, udongo wa juu uwekwe kando ili urudi chini kwenye mizizi. Na njia za kutembea msizichore. Ngojeni msimu mmoja wa mvua, muone miguu ya watu imepita wapi, ndipo muweke mawe hapo hapo.

Bustani yetu, hii mnayoikuta leo na kupigia picha za harusi, ilikuwa uwanja wa matope kati ya soko na kituo cha afya. Ng'ombe walilala pale siku ya mnada, pikipiki zilipita katikati, na mama wajawazito waliokuwa wanangoja zamu walisimama juani. Chefu wa kijiji aliutoa uwanja ule kwa wote, mbele ya watu, kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi haikuandikwa. Nilikuwa na uwezo wa kuidai siku ile na sikuidai, kwa sababu mvua ilikuwa inakaribia na mimi nilikuwa nawaza mashimo.

Tulipanda safu mbili za musave, muko kwenye pembe, na pembeni mwa kituo cha afya ule mti ambao gome lake ni dawa na watu wanaumenya mpaka unakufa, ili ukue mahali ambapo macho ya watu wengi yataulinda. Kisha salongo ikaja ikatusaidia.

Salongo mnaijua. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, kila mtu anatoka na jembe au panga, na asiyetoka anatafutwa. Siwezi kuilaumu kazi ya pamoja. Nalaumu kazi ya woga. Mtu aliyetolewa nyumbani kwa kutishwa anafyeka ili aonekane anafyeka. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa kwenye mkutano, nikarudi saa nne, nikakuta uwanja umekuwa mweupe kama kichwa kilichonyolewa. Safu zote mbili za musave, zilizokuwa zimefika kwenye goti, zilikuwa zimelala chini pamoja na magugu. Msimamizi wa salongo alinijia akitabasamu, akanionyesha kwa mkono wote, akasema sasa kumekuwa safi. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo na nililia kwa hasira mbele ya watu, na sikujali.

Hapo nikaamua kwamba bustani haitatunzwa na watu waliosukumwa. Nikatafuta wa kujitolea. Kwanza walikuja waliodhani kuna posho, wakauliza fulana zitafika lini, wakaondoka. Wengine walikuja mara moja na simu, wakapiga picha wakiwa wameshika jembe upande usio wake. Baada ya miezi miwili nilibaki na Papa Bauma na mama wawili wa soko.

Ndipo nilipopata wazo ambalo nililiona la akili sana. Kila familia ipewe mti wake. Iupande yenyewe, iutunze yenyewe, na mbele ya mti nitapigilia kibao chenye jina lao. Papa Bauma alisikiliza, akazungusha kamba yake mkononi, akaniambia kwamba hapa hatufanyi hivyo. "Muntu akipanda muti, udongo iko yake," alisema. "Njo maana mwenye shamba anakubalia mupangaji maharagi, hakubalii muti hata siku moya. Ukitaka udongo, unapelekea chefu mutulo, mbuzi, anakukatia. Weye unagawa udongo bila mbuzi, Mama."

Nilicheka. Nilimwambia ni vibao tu, ni vya kutia watu moyo. Mimi ni mtu wa msituni, kwetu desturi za ardhi ni nyingine, na nilikuwa na cheti. Nawaandikia hili wazi kwa sababu ninyi pia mna vyeti.

Na vibao vilifanya kazi, hilo ndilo baya. Familia arobaini zilijiandikisha ndani ya wiki mbili. Kiangazi kilipokuja, Juni mpaka Agosti, watu walipandisha kutoka mtoni na bidoni, yale madumu ya maziwa, zimejaa maji. Walizungushia miche uzio wa mianzi dhidi ya mbuzi. Waligombana kwa utani mti wa nani umechelewa. Tulikimbia vita mara mbili katika miaka hiyo, na mara zote mbili waliorudi walipita kutazama mti kabla ya kutazama mlango wa nyumba. Papa Bauma aliuona muko wake wa kwanza ukichanua, akaugua kifua, akafa mwezi ule ule. Hakuwahi kuniambia, "Nilikuambia." Nashukuru hakuyaona yaliyofuata.

Katika wale arobaini alikuwemo Mama Riziki. Ni mjane, alikuja kwetu akikimbia kutoka upande wa Ngungu na watoto wanne, na tangu siku hiyo analima shamba la kukodi. Siku ya kupanda alikuja na nguo yake ya kanisani. Nilimwambia atajichafua, akasema haidhuru. Baadaye, tukikaa tunapumzika, alinieleza kwamba mwaka wa kwanza alikuwa amepanda mche mmoja wa avoka kwenye ukingo wa lile shamba la kukodi, ili watoto wapate kula. Mwenye shamba aliung'oa mbele yake, akamwambia akitaka kukaa apande maharagwe tu. Kwa hiyo musave ule wa bustani ulikuwa mti wa kwanza aliopanda tangu akimbie kwao ambao haukung'olewa. Aliupalilia kila Jumamosi. Ulikuwa umenyooka kuliko yote, na mimi niliutumia kuwafundishia wengine.

Sasa naingia kwenye hasira yenyewe. Mwaka wangu wa mwisho kazini, barabara ya mbele ya bustani ilitengenezwa kidogo, na mara uwanja wetu ukawa mahali pazuri pa maduka. Yule mkubwa mwenye kiti na muhuri, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumwaga hata kikombe cha maji pale, alianza kupita kila siku, akipima kwa macho. Kisha akaitisha kikao. Juu ya meza yake alikuwa ameweka vibao vitatu vyangu, vimeng'olewa, na misumari bado imo.

Alisema bustani hii si ya umma tena. Imeshagawanywa, na aliyeigawa ni Mama Agronomu mwenyewe, ushahidi huu hapa kwa mwandiko wake. Yeye hataki kumwonea mtu, anataka tu kuweka mambo sawa: kila mwenye mti atapata karatasi ya kipande chake, na sehemu ya mbele, isiyo na miti mingi, itakatwa parseli, viwanja vya maduka. Alisema haya kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. Nikamuuliza mtu atafanya nini na kipande cha upana wa mti mmoja. Akasema atakiuza, kuna watu watanunua. Hakuwataja, na sikuwa na haja ya kutajiwa.

Miaka yangu yote nimepigana na kaliptusi, mbuzi, salongo na kiangazi, na mtu amekuja kuichukua bustani kwa vibao nilivyochora mimi mwenyewe kwa rangi niliyoinunua mimi mwenyewe.

Lakini alikuwa na kizuizi kimoja. Uwanja ulitolewa na chefu, na bila chefu kukubali mbele ya watu kwamba umegawanyika, karatasi zake zingeleta kesi. Nikaenda kwa chefu nikiwa na maneno ya Papa Bauma mdomoni. Nikamwambia: kama udongo unapatikana kwa mutulo, basi waulizwe wote arobaini, mmoja mmoja, nani alikuletea mbuzi. Kama hakuna aliyeleta, hakuna aliyepewa. Chefu alifikiri, akakubali kuuliza siku ya soko, kwenye hanga, lile banda kubwa la soko. Nikarudi nyumbani nikijipongeza.

Mkubwa naye hakulala. Wiki nzima alitembea nyumba kwa nyumba akisema mutulo unaweza kuletwa hata sasa, kuchelewa si kosa. Asubuhi ya siku ya soko nilipofika kwenye hanga nilikuta mbuzi saba wamefungwa nje. Niliwajua wenye mbuzi hao. Wote wana mashamba. Wawili wana ng'ombe wasiohesabika kwa haraka. Walikuwa wamekuja kuchukua udongo wa upana wa mti mmoja kutoka kwa wajawazito na wagonjwa, na walinisalimia vizuri.

Kisha nikamwona Mama Riziki anakuja, na yeye pia anavuta mbuzi. Nilijua hana mbuzi. Nilipomuuliza aliniambia bila kuficha: mkubwa amempa. Na kwa kuwa mjane hawezi kutoa mutulo bila mwanaume wa kusimama naye, mkubwa ameahidi kusimama mwenyewe na kumwita dada yake. Alitaka Mama Riziki aanze. Akianza mkimbizi mjane asiye na kitu, nani atasema wanaofuata ni walafi? Nilitaka nimwombe akatae. Mimi nina nyumba, nina kibali cha ardhi yangu. Ningemwambia nini mtu anayepewa udongo kwa mara ya kwanza?

Hanga lilijaa. Chefu alieleza swali lake, na mkubwa akainuka haraka, akamshika Mama Riziki begani, akasema huyu dada yake ana la kusema. Chefu akauliza, nani alikupa udongo, na mutulo wako uko wapi.

Mama Riziki alisogea mbele ya chefu. Alikuwa amevaa ile nguo ya kanisani.

"Chefu, ile muti nilipanda na mikono yangu," alisema. "Lakini udongo, hakuna mwenye alinipa. Hii mbuzi si yangu, na huyu Papa si kaka yangu, sikumujua mbele ya hii wiki. Nikisema pale iko kwangu, nitapata mahali ya muti moya, na hawa bote batakosa mahali ya kukaa. Miye najua kukosa mahali ya kukaa."

Kisha akaiweka kamba mkononi mwa mkubwa. Mkubwa alibaki ameshika mbuzi mbele ya soko zima, na mbuzi akaanza kulia.

Chefu akaita wa pili, ambaye ni mmoja wa wenye ng'ombe. Akasema alipanda kwa ajili ya wote. Wa tatu akasema hivyohivyo. Nje watu walianza kufungua kamba kimyakimya. Mpaka wa arobaini hakuna aliyedai. Chefu akatangaza kwamba uwanja ni wa wote, safari hii nikadai karatasi, ikaandikwa, ikapigwa mihuri, na nakala iko kwenye kabati lenu la chuma, rafu ya juu. Msiiazime kwa mtu yeyote. Jioni hiyo niling'oa vibao vyote vilivyobaki kwa koleo, mwenyewe. Na tangu hapo tunafanya mnavyofanya: kila Jumamosi wanaojitolea wanaokota karatasi za kura kujua nani atatunza mti upi, na aliyepata mti alioupanda mwenyewe anairudisha na kuokota nyingine. Wengi mlidhani ni mchezo wa kuchangamsha watu. Sasa mnajua.

Mngependa niishie hapa. Kwenye sherehe ya kuniaga, mkubwa huyo huyo alisimama akaeleza jinsi ofisi yake ilivyoipigania bustani, na ninyi mkapiga makofi, hamkujua. Mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya wali wenu.

Mama Riziki hakualikwa. Nilikwenda kwake kesho yake nikamkuta anapalilia. Mwenye shamba amemwambia akivuna maharagwe haya aondoke. Sababu yake ni kwamba mwanamke anayesimama mbele ya chefu kuzungumzia miti, kesho atadai udongo. Hajadai kitu! Ndiye pekee katika watu arobaini aliyeletewa udongo mkononi akaurudisha, na ndiye anayefukuzwa kwa kuutamani. Wale waliokuja na mbuzi wao wako kwenye mashamba yao, hakuna anayewauliza.

Nilikwenda kwa chefu mara tatu. Kuna kipande juu ya kijito, kwenye mteremko, kimejaa magugu, hakina mtu. Chefu hana neno na kipande kile. Alisema hata yeye anamheshimu mama yule. Anachotaka ni mutulo, kama kwa kila mtu, na mwanaume wa kusimama naye amwite dada. Nikamwambia nitasimama mimi. Akacheka, akaniita Mama Agronomu, akaniagizia chai. Hiyo chai niliinywa kwa uchungu.

Mbuzi nimemnunua. Mwanaume ndiye sina. Mume wangu alishafariki, kaka zangu wako mbali Walikale na barabara mnaijua. Niliwaendea wanaume wa bustani, wale waliosema "kwa ajili ya wote" baada ya yeye kuwaonyesha namna ya kusema. Mmoja anaumwa mgongo. Mwingine hataki maneno na mkubwa. Wa tatu aliniuliza mimi napata nini. Wenye midomo mirefu siku ya soko leo wote wana kazi.

Basi nimekuja kwenu. Mlitaka urithi wa kazi yangu, nao ni huu. Hatakiwi kuwa wa ukoo wake. Chefu amenithibitishia kwamba anatosha mwanaume yeyote mzima wa akili, anayekubali kuitwa kaka yake mbele ya watu na kuitika akiitwa siku nyingine kukiwa na shida ya mpaka. Hatoi kitu. Anashika kamba, anasema, "Huyu iko dada yangu." Maneno manne. Ninyi wanaume wa ofisi mko watano, na wote mnajua kusema.

Jana nilipita shambani kwake. Maganda ya maharagwe yameanza kukauka chini, na watoto wamekwisha kufunga sufuria kwenye gunia. Siku ya soko inayokuja, asubuhi, nitakuwa mbele ya lango la chefu pamoja naye na mbuzi. Kamba nitaishika mimi mpaka mmoja wenu afike.